Mstari wa Kumi na Tisa

Mezani kwa Corliss, ndani ya jengo lililokuwa la kuoka mikate,
mjini Duluth, Januari, theluji imeziba nusu ya dirisha,
niliandika bajeti kwa penseli, maana wino ni kiburi.
Mstari wa kwanza: meza ya kuchanganyia sauti, dola elfu sita,
ya mtumba, vifundo viwili havizunguki.
Wa pili: maikrofoni ya Kijerumani, elfu mbili mia nne.
Corliss aliitamka bei kwa kunong'ona, kama anataja jina la mchumba.
Nikashuka, nikashuka,
sponji za ukutani, viti, kahawa,
mpaka mstari wa kumi na tisa, chini kabisa, kando ya doa la siagi:
nyaya na mengineyo. Mia tatu.

Mengineyo!
Neno hilo ni shimo lililotandikwa mkeka.

Tuliwasha mitambo Jumanne usiku.
Kabla mtu hajapiga noti moja, spika zikaanza:
mmmmm,
friji la muuza samaki wa jirani
limepenya ukutani, limepanda nyaya zetu za bei ya chee,
limekaa kwenye spika kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Corliss akazima taa. Mmmmm.
Akazima feni. Mmmmm.

Tukamwita Waino Kangas,
miaka thelathini na mmoja alifunga simu za mji huu,
magoti yake yanalia kuliko bawaba.
Hakugusa meza. Maikrofoni hakuitazama.
Alilala chali sakafuni, tochi mdomoni,
akavuta waya mmoja, ukamtokea mkononi na kichwa chake
kama jino la mtoto.
"Mmenunua farasi," alisema, "mkamfunga kwa uzi."
Na mimi, mtunza hesabu, nisiyejua
kwamba kamba hukatikia pabovu!

Akadai karatasi mpya. Akadai kalamu ya wino.
Tukapima kwa kutambaa, tepu mkononi:
chumba cha ngoma hadi mezani, futi hamsini na mbili.
"Ongeza kumi. Waya hauruki kama kunguru,
unazunguka mlango, unapanda, unashuka,
na siku moja mtaihamisha meza."
Plagi tisini na sita,
kila plagi matone matatu ya lehemu.
Lebo, kwa sababu saa nane usiku
kila waya mweusi ni ndugu ya mwenzake.
Waya wa ardhi mnene kama kidole, wa kwetu peke yetu,
usiokula sahani moja na samaki.
Mkono wake: dola ishirini na mbili kwa saa, na supu.
Jumla: elfu mbili mia tatu na themanini.

Nilifuta na kufuta hadi karatasi ikatoboka.
Corliss alitoka nje bila koti.
Aliporudi alikuwa ameshaamua, nyusi zimeganda,
na maikrofoni ya Kijerumani ikarudi kwenye sanduku lake la mahameli.
Mtu wa Minneapolis aliichukua kwa elfu mbili mia mbili,
akahesabu noti juu ya boneti, vidole vikikakamaa.
Zilizopungua nilizitoa kwenye akiba ya meno yangu.
Bado natafunia upande wa kushoto.

Wiki tatu za moshi wa lehemu.
Corliss aliungua kidole gumba mara mbili, mahali palepale.
Kisha tukapigilia mbao, na pesa yote ile
ikalala chini ya sakafu, haionekani na mtu.

Machi, Bernadine wa kwaya ya Kilutheri
alisimama mbele ya maikrofoni ya dola tisini.
Corliss akapandisha sauti. Kimya.
Akapandisha tena, uso umemshuka: "Imekufa?"
Ndipo tukamsikia Bernadine akimeza mate,
na kifungo cha sweta yake kikigusa stendi.
Mlangoni, Waino aliacha kutafuna.

Mstari wa kumi na tisa nimeuandika upya, kwa wino.
Ila supu, dola kumi na moja na senti arobaini,
mpaka leo sijui niiweke safu gani.